Sanduku Jekundu la Radjabu

Mtaa wetu hapa Muyinga haujui kufanya jambo dogo. Radjabu, fundi cherehani wetu, alipopata kazi Gitega, mama yake Salima alichinja mbuzi, akapika pilau ya kulisha hata waliopita kuuliza kuna nini. Sisi majirani tulichanga tukamnunulia sanduku jekundu lenye magurudumu, kubwa kiasi cha kulaza mtu ndani. Mimi Riziki, ninayeuza vitenge kwenye baraza ileile aliyokuwa akishonea, nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Tuliambiwa anakwenda kushona suti za mabwana harusi.

Suti hakuziona. Karakana ile mpya ilikuwa imepata kazi ya sare za shule, na kila fundi alipewa kipande chake. Radjabu akapewa mfuko wa kushoto. Asubuhi mfuko wa kushoto, mchana mfuko wa kushoto. Suruali yenyewe ilikamilika kwenye meza ya mbali kule, mikononi mwa mtu mwingine. Bosi wake, Kasiano, hakuwa mtu mbaya, jamani. Mshahara ulifika kwa wakati na chai ya saa nne ilikuwa na maziwa. Akiulizwa habari za suti alijibu kwamba zitakuja, tena kwa uso wa mtu anayeamini.

"Mi hapa niko chef, mukubwa ya mifuko ya kushoto," Radjabu aliniambia kwenye simu. "Dada Riziki, usiambie watu."

Nilicheka, kisha nikajiuma mdomo, kwa sababu namjua huyu kijana. Kushona kwake ni pamoja na maneno. Atakupima mabega huku akiuliza harusi ni ya nani, atakutania kitambi, na ukirudi kuchukua nguo atakusimamisha mbele ya kioo na kufurahi kuliko wewe. Kule hakumpima mtu hata mmoja. Utepe wake wa kupimia ulikaa sandukuni tangu siku aliyofika.

Na mama yake? Kila Ijumaa baada ya sala alimpigia simu, akasikiliza malalamiko, akamjibu neno lilelile: "Vumilia, mwanangu. Watu wamekula mbuzi." Mbuzi yule alimlemea Radjabu kuliko sanduku.

Muda wa majaribio ulipokaribia kwisha, Kasiano akamwita. "We uko mfanyakazi muzuri," akamwambia. "Siku ya lundi unasaini, unakuwa wa kudumu."

Kazi ya kudumu si kitu cha kuchezea, na Radjabu alijua. Siku hiyo alishona mfuko mzima kichwa chini. Aliyeuona ni Adventina, mwanamke wa Buraza aliyekulia Tanzania, ambaye alishona mifuko ya kulia kwenye meza ya jirani.

"Kaka, kwenye mfuko huu mtoto ataweka nini?" akamuuliza. "Kalamu iangukie kiatuni?"

Radjabu akamweleza yote, hata habari za mbuzi. Adventina alisikiliza bila kusimamisha mashine yake.

"Mimi nitasaini, tena kwa mikono miwili," akasema. "Furaha yangu iko Buraza, kwenye maharage yangu. Hapa natafuta ada ya watoto. Wewe jioni ukitoka hapa unakwenda kufurahia nini?"

Radjabu alifikiri. Shamba hana, mke hana, mpira haupendi.

"Kushona," akajibu.

Adventina alicheka mpaka akashika meza. "Basi nenda ukashone, kaka!"

Jumatatu hiyo hakusaini; alimshukuru Kasiano, ambaye alisikitika kweli na kumpa mkono. Kilichobaki kilikuwa aibu. Radjabu alipanga kufika hapa siku ya soko, apenye katikati ya watu, aingie kwa mlango wa nyuma, ndipo amweleze mama taratibu. Mpango ulikuwa mzuri. Kasoro yake ilikuwa moja tu, nyekundu, yenye magurudumu. Sanduku lilinguruma kwenye mawe tukalisikia kabla ya kumwona mwenyewe.

"Sanduku yetu inarudi!" Hamadi muuza viatu alipaza sauti. "Na Radjabu iko nyuma!"

Kijana alisimama katikati ya njia, jasho likimtoka. Watu wakacheka, nami nilicheka pia, siwezi kudanganya. Kisha Salima akatoka nje akifunga kanga vizuri, na mimi nikaacha kucheka. Nilimwogopea yule kijana.

"Mama, unisamehe," akasema. "Mi nimeacha kazi. Haikuwa mubaya. Mi tu sikuwa na furaha. Na ile mbuzi yako..."

"Mbuzi ilishaliwa," mama akamkata. "Kuja hapa."

Alimshika mkono mpaka barazani, akavuta shuka lililofunika cherehani ya zamani ya mwanawe. Chuma kilikuwa kinang'aa kwa mafuta, na uzi mweusi ulikuwa umeshatungwa kwenye sindano. Radjabu aliutazama ule uzi, akamtazama mama yake, ambaye macho yake hayajaona tundu la sindano kwa miaka.

"Nani alitunga?" akauliza.

Nilijifanya nakunja vitenge. Kila Ijumaa, akishamwambia mwanawe avumilie, Salima aliweka simu chini, akafuta vumbi kwenye cherehani, akatia mafuta, kisha akaniita kwa sauti ya chini: "Riziki, kuja unitungie uzi. Labda atarudi."