Mtama Juu ya Tembe la Lea

Jirani yangu Lea hajui kuomba. Akikosa chumvi anapika bila chumvi, kisha anakuambia ameiacha kwa sababu ya presha. Kwa hiyo asubuhi ile alipopiga hodi kuazima kwangu gunia la mtama, niliogopa.

Kisa kilianza na Geofrey, kijana wa shirika moja lililokuwa likigawa chakula huku kwetu, mashariki ya Nzuguni. Mvua ilikuwa imetutupa. Lea na mumewe, mzee Castory, walikuwa wakiishi kwa mlenda mtupu.

"Shikamoo, bibi. Samahani, jina lako halipo," Geofrey alimwambia, macho kwenye simu. Kompyuta ilikuwa imesoma picha za satelaiti ikakisia nani ni maskini. Sasa paa la tembe ni bapa, la udongo, na uwanja ni udongo. Mashine haikuona nyumba.

"Si nimesimama hapa? Niandike wewe."

"Siruhusiwi, bibi. Picha nyingine zinapigwa wiki hii. Ungekuwa na kitu juu ya paa, labda ungeonekana."

Kanga yake isingetosha kufunika paa. Juu ya tembe sisi huanika nafaka, basi akaja kwangu. Lilikuwa gunia langu la mwisho. Tuliutandaza mtama mpaka paa zima likawa jekundu.

Moyo haukunitulia tena. Lea alishinda juani akifukuza njiwa, na ndani mzee alikuwa hoi.

"Lea, konzi moja tu. Uji," mzee aliita.

"Huo ni mtama wa Priska, baba Elieth."

Nilimwambia apike, sitamdai. Alikataa, eti paa litakuwa na pengo. Nilimkaripia hadi nikalia. Jioni nilipeleka uji, akamnywesha mzee wote, akadai yeye ameshiba.

Geofrey alirudi akicheka. "Bibi, safari hii mashine imekuona!"

Lea alipiga kigelegele. Kijana akaendelea kusoma, na kicheko kikamwisha.

"Imeona mtama. Imekuweka kwenye kaya zenye mavuno. Hizo hazipewi."

Nilimtukana, na sijutii. Lea hakutukana. Alipanda juu, akauzoa mtama wangu wote, akaniwekea gunia miguuni. Kisha akamgeukia Geofrey.

"Mwambie huyo aliyeniona aje jioni," akasema, "tule hayo mavuno."