Kasmir, Beki Aliyekataza Watu Kukimbia

Kaka yangu Kasmir alikuwa beki wa kati kwa miaka kumi na moja, na katika miaka hiyo yote alifunga bao moja, tena la kujifunga. Alipenda kulisimulia mwenyewe kabla mtu mwingine hajalisimulia.

Alizaliwa Peramiho mwaka 1968. Mimi Odilia ndiye niliyemfuata ziwa. Alianzia timu ya misheni, akaenda timu ya kiwanda Songea, kisha akachukuliwa na timu moja ya daraja la kwanza Dar es Salaam. Huko alikuta kocha kutoka Ukraine, naye alikuwa beki mstaafu, mzee mrefu mwenye Kiswahili cha maneno thelathini. Neno alilolijua vizuri kuliko yote lilikuwa "simama". Aliwafundisha kwamba beki anayejitupa chini ameshachelewa, na anayekimbia ovyo ameshapotea. Kaka alimwiga yule mzee mpaka namna ya kusimama, mikono nyuma, kidevu juu. Mzee alikaa misimu miwili akarudi kwao. Mwaka 1997 goti la kaka likaharibika, akaanza kufundisha vijana, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine aliyoijua.

Guangzhou, kule China, nilimwita mimi. Nasema hili mapema kwa sababu nimeliungama zaidi ya mara moja. Nilikuwa nanunua jinzi viwandani Xintang na nguo za watoto madukani mtaa wa Guangyuan Xilu, na mzigo ulikuwa umenizidi. Nilihitaji mtu wa kukaa na fundi kiwandani ili asibadilishe kitambaa, na wa kusimama bandarini Huangpu kontena likifungwa. Kaka alikuja mwaka 2005. Kazi aliifanya bila kulalamika, lakini haikumkaa rohoni. Kilichomkaa rohoni kilikuwa timu.

Vijana wa Kitanzania walikuwa wanacheza kila Jumapili mchana kwenye uwanja wa nyasi bandia, na walikuwa wanafungwa na kila mtu. Kaka alitazama Jumapili mbili. Ya tatu akaingia uwanjani na filimbi.

"Wewe Tahir," nilimsikia akimwambia winga wetu, "mpira si robota la nguo. Huununui wote peke yako."

"Kocha, nikimpa Maulid anaupoteza."

"Basi upotee kwa Maulid. Kwako umeshapotea mara tisa, nimehesabu."

Maulid, kijana wa Unguja aliyekuwa nahodha, alicheka mpaka akakaa chini. Hivyo ndivyo walivyompenda. Walimtania goti lake na yeye akawatania matumbo yao. Baada ya mazoezi Waislamu walikwenda kuswali, sisi tukawahi misa ya jioni, halafu wote tukakutana kwenye wali mahali pamoja.

Mwaka 2008, kabla ya Olimpiki, viza zikaanza kuwa ngumu. Mtu aliyezoea kuongezewa miezi sita alipewa siku thelathini, na wa siku thelathini akaambiwa arudi kwao. Polisi walisimama milangoni mwa majengo ya maduka, kwenye vituo vya treni ya chini, hata nje ya uwanja wetu. "Huzhao!" walisema, yaani pasipoti, na asiyekuwa nayo mkononi alipanda gari lao hata kama viza yake ilikuwa hai chumbani kwake. Watu wakaanza kuruka madirisha. Mkongo mmoja tuliyemfahamu aliruka ghorofa ya pili na kuvunjika miguu yote miwili, na pasipoti yake ilikuwa safi. Aliona wenzake wanakimbia, naye akakimbia.

Tangu siku ile kaka aliweka sheria mbili. Ya kwanza, hakuna kukimbia. Polisi wakija, unasimama pale ulipo. Ya pili, siku ya mechi pasipoti zote ziwe kwenye begi moja dogo la mgongoni, nalo nilishike mimi benchini, kwa sababu bukta hazina mifuko na vijana walikuwa wanaacha pasipoti hotelini. Mara tatu polisi walikuja uwanjani. Mara tatu nilifungua lile begi, wakazitazama moja moja, wakaondoka. Kaka alisimama katikati ya uwanja, mikono nyuma.

Lakini mwezi wa nne mwaka 2009 viza yake yeye ikaisha. Aliomba kuongezewa, akakataliwa. Nilimwambia twende polisi tukajisalimishe, kwa kuwa aliyekwenda mwenyewe walimwandikia, akalipa faini, akapanda ndege kwa heshima. Aliyekamatwa alifungiwa kwanza, na huko ndani hukujua utatoka lini. Alikubali, kisha akaahirisha, na mwezi wa tano ukapita. Mama yetu alikuwa mgonjwa wa moyo na kila nikipiga simu swali lilikuwa moja, Kasmir anarudi lini. Nikakata tiketi ya Jumanne, tarehe tisa Juni, nikamwambia mama, na nikamwekea kaka tiketi juu ya mto.

"Odilia, fainali ni Jumapili," alisema. Timu yetu ilikuwa imefika fainali ya mashindano ya Waafrika wa mjini pale.

"Kwa hiyo mpira kwanza, mama baadaye?"

"Jumatatu asubuhi nakwenda mwenyewe polisi. Jumanne napanda ndege. Nimekuahidi mbele ya rozari yako hiyo."

"Rozari haichezi fainali, kaka."

"Ndiyo maana nacheza mimi," akasema, na mimi nikacheka, Mungu anisamehe.

Fainali ilikuwa dhidi ya Wakongo. Ijumaa wakalalamika kwa waandaaji kwamba sisi tuna mamluki, wachezaji wa kuazima kutoka Kenya. Waandaaji wakataka kuziona pasipoti zenyewe, si kopi, Jumamosi saa nne asubuhi, katika duka la mmoja wao kwenye ghorofa ya tatu ya jengo moja la nguo Guangyuan Xilu. Hapo ndipo tulipokosea, na sote tulikosea pamoja. Begi lililokuwa likitulinda uwanjani tukalitembeza mjini. Vijana kumi na sita walimkabidhi kaka pasipoti zao usiku wa Ijumaa bila kuuliza, kwa mazoea. Maulid peke yake ndiye aliyesema.

"Kocha, mpe mwenye viza azipeleke. Wewe kaa ndani."

"Waandaaji wananijua mimi," kaka alijibu. "Nusu saa tu. Dada yangu atakuwa jengo hilohilo."

Ni kweli nilikuwa jengo hilo, ghorofa ya pili, kwa mama mmoja wa Kichina aliyeniuzia jinzi za watoto miaka minne. Tulimwita Laoban, yaani bosi, na yeye aliniita Laoban vilevile. Tulikuwa tunabishana juu ya zipu niliposikia milango ya chini inashushwa. Polisi walikuwa wameingia kwa pande zote mbili, wakianza kupanda ngazi za mbele.

Maulid alikuwa amemsindikiza kaka kule juu, na yaliyotokea huko nimeyapata kwake. Waandaaji walikuwa wamemaliza kukagua. Sauti ya "huzhao" iliposikika ngazini, Maulid alitaka kulichukua begi. Kaka akamkatalia, kwa sababu pasipoti ya Maulid ilikuwa humo ndani, na kama angekutwa na begi hilo angeulizwa kumi na tano nyingine kazipata wapi. Kaka naye alijua kwamba akisimama kama kawaida atakamatwa, na begi litakamatwa naye. Pasipoti kumi na sita mikononi mwa mtu mwenye viza iliyokufa. Hakuna ambaye angeamini habari ya fainali. Na vijana kumi na sita wangebaki mjini bila karatasi, wiki ile ya msako.

"Toa yako, simama hapa," alimwambia Maulid. "Usikimbie."

Kisha yeye akakimbia.

Nilizisikia hatua zake kwenye ngazi za nyuma. Mtu anayechechemea, dada yake huzijua hatua zake. Alikuwa anakuja kwangu, begi lifichwe dukani kabla polisi hawajafika. Zile ngazi wachukuzi walikuwa wanashushia marobota, na plastiki za kufungia zilikuwa zimetapakaa. Sijui kama ni plastiki au ni goti. Alianguka kutoka juu mpaka chini, na kichwa chake kikapiga ukingo wa sementi.

Nilipomfikia alikuwa macho wazi. Begi alikuwa amelikumbatia kifuani.

"Chukua, uende," alisema.

"Kaka, kichwa chako."

"Goti tu hilo. Odilia, chukua uende."

Nilimwacha. Nililichukua begi nikaenda nalo dukani, hatua labda ishirini, na Laoban bila kuuliza akalitupa ndani ya robota la jinzi na kukalia juu yake. Niliporudi, kaka alikuwa amefumba macho. Askari wawili walikuwa wamepiga magoti kando yake, mmoja anapiga simu ya gari la wagonjwa. Walikuwa vijana, na walinitazama kwa huruma. Hawakuniuliza pasipoti.

Jioni ile Laoban alinifungia begi ndani ya mfuko wa dukani kama mzigo wa kawaida, na Maulid akagawa pasipoti vyumbani, moja moja. Hakuna kijana wa timu yetu aliyekamatwa. Fainali haikuchezwa. Jumapili Wakongo walikuja hospitali na nahodha wao, wakasimama ukutani, na yule aliyeleta habari ya mamluki alilia kuliko sisi. Kaka hakuamka. Alifariki Jumatatu saa mbili asubuhi, saa niliyokuwa nimeipanga twende polisi.

Watu wa kanisani wameniambia kwamba alitoa maisha yake kwa ajili ya rafiki zake. Nalijua neno hilo la Injili na ninaliamini. Lakini nimechoka, na nikisali sifiki huko. Nafika tu kwenye zile hatua ishirini za kwenda dukani na kurudi, nikijiuliza kama angenisikia iwapo ningebaki. Padre amesema nisiendelee kuuliza. Ninajitahidi.

Karatasi za mwili zilichukua siku kumi na moja. Tahir alimnyoa ndevu, Maulid akashika jeneza pamoja na wengine mpaka pale waliporuhusiwa kufika. Dar es Salaam tulipokewa na wajomba, tukasafiri na gari usiku kucha mpaka Peramiho.

Mama nilikuwa nimemwambia kaka anarudi Jumanne. Tuliingia Jumatatu, wiki mbili baadaye. Alikuwa amesimama mlangoni mwenyewe, amekataa kiti, na chumba cha kaka alikuwa amekitandika tangu ile Jumanne ya kwanza na kukataa kukitandua. Wanakwaya walikuwa tayari kuanza wimbo. Akawanyooshea mkono wanyamaze.

"Mwingizeni kwanza," alisema. "Mtoto ametoka mbali."