Bwana wa Matangi na Kofia Zake Mbili

Sijawahi kuwa mtu wa siasa. Mimi ni mtu wa uji. Nina chekechea mtaani Gatwekera, Nairobi, vyumba viwili vya mabati na kiwanja kidogo ambacho watoto wakicheza mpira, goli ni mlango wangu. Watoto wananiita Ticha, wazazi wananiita Mwalimu, na wasionipenda wananiita Domo. Hakuna aliyekosea.

Mwaka ule wa kampeni bwana afya alikuwa amenipa muhula mmoja tu. Aliingia, akachungulia choo, akahesabu mitungi yangu ya maji, akafungua daftari. "Mwalimu, watoto wote hawa wananawia wapi?" Nikamwonyesha karai. Akaandika polepole sana, na mtu wa serikali akiandika polepole ujue umekwisha. Akasema nisipokuwa na tangi muhula ujao, anafunga.

Ningemtukana, lakini alikuwa na haki. Maji yetu hukatwa bila kuambiwa mtu. Yakikatwa, nilikuwa nawarudisha watoto nyumbani, na mama zao wako Olympic, mtaa wa wenye pesa huko juu, wanafulia watu nguo, kwa hiyo mtoto wa miaka minne anafika kwao anakuta kufuli. Anakaa pale mlangoni, na kamasi zake, mpaka jioni. Hiyo ndiyo ilikuwa inaninyima usingizi, si daftari la bwana afya.

Sasa, mtaani kwetu tangi kubwa hulinunui. Unaliomba. Na huliombi kwa mwenye kiwanda, unaliomba kwa mgombea, halafu mgombea anamwambia mwenye kiwanda. Nikaandika barua kwa yule wa chama cha kijani, aliyekuwa anawania kiti kikubwa cha kaunti, kwa sababu tu ofisi yake ya kampeni ilikuwa karibu na mimi nina miguu mibaya. Haki ya Mungu, hiyo ndiyo itikadi yangu yote.

Baada ya wiki tangi likaja kwa lori, jipya, refu kuliko nyumba yangu, limechorwa uso wa mheshimiwa akicheka. Mheshimiwa mwenyewe alikuja, na pembeni yake bwana mmoja mnene, viatu vinang'aa mpaka nikavionea huruma na matope yetu, kichwani kofia ya kijani. Huyo ndiye alikuwa mtu wa kampuni inayotengeneza matangi na mifereji. Akashika maikrofoni, akakohoa mara mbili, akasema: "Kampuni yetu imezunguka Nairobi nzima ikitafuta kiongozi. Tumempata mmoja tu. Ni huyu." Watu wakapiga vigelegele. Watoto wangu wakaimba wimbo niliokuwa nimewafundisha, wenye jina la mheshimiwa mara tisa. Mimi mwenyewe nilikata kiuno. Tangi ni tangi.

Lakini furaha yangu ilikuwa ya nusu, na kila mtu pale alijua sababu. Kwetu mgombea akishindwa, hutuma vijana kurudisha vitu vyake. Uchaguzi wa nyuma kanisa moja hapo chini lilinyang'anywa viti katikati ya ibada. Pasta alikuwa kwenye maombi, amefumba macho, na alipofumbua waumini wote walikuwa wamesimama. Akadhani ni Roho.

Kwa hiyo tangi lilikuwa langu mpaka siku ya kura. Baada ya hapo, lingekuwa langu kama wa kijani angeshinda.

Halafu kulikuwa na jirani yangu. Tulikuwa tunatumia ukuta mmoja, na kwenye huo ukuta kulikuwa na tundu kwenye bati, la kutosha mkono. Kwa hilo tundu tulipitishiana chumvi, kiberiti, na habari za watu. Mtoto wake alikuwa kwangu, darasa la wadogo. Lakini yeye alikuwa amepata kazi ya kuwapikia watu wa zambarau, wapinzani wa kijani, kwenye mikutano yao, akavishwa kofia ya zambarau, akaivaa mpaka sokoni. Vijana wa base, wale wa kushinda kijiweni, waliojipa kazi ya kulinda tangi langu bila mimi kuwaajiri, wakamwona anakuja na mtungi. "Mathe, haya maji ni ya kijani. Enda ukachote kwa wako."

Akanitazama. Nilikuwa nimesimama pale pale na mwiko mkononi. Mimi Domo, ninayemjibu kila mtu, siku hiyo nikageuka nikakoroga uji. Niliogopa nikimtetea watasema nimehama upande na tangi liondoke. Akaenda zake kutafuta maji huko juu Olympic. Jioni nikanyoosha mkono kwenye tundu kumpa kitunguu, nikashika kitambaa. Alikuwa ameliziba kwa ile kofia.

Wiki mbili kabla ya kura nilienda Kawangware kwa fundi aliyekuwa ananitengenezea mabenchi. Nikakuta mkutano wa zambarau umeziba barabara, basi nikasimama na watu wengine tusikilize, maana fundi mwenyewe alikuwa ameacha randa akaenda kupewa fulana. Juu ya lori kulikuwa na tangi jipya la zambarau, mgombea wa zambarau, na pembeni yake bwana mnene wa viatu vinavyong'aa, kofia ya zambarau. Akashika maikrofoni. Akakohoa mara mbili. "Kampuni yetu imezunguka Nairobi nzima ikitafuta kiongozi."

Wueh! Nilicheka mpaka mama mmoja akanishika akidhani nimepatwa na kifafa.

Aliposhuka nikajisukuma mpaka mbele. "Boss, niaje? Ile kofia ya kijani uliiacha Gatwekera?"

Jasho lilimtoka hapo hapo. Akanivuta kando nyuma ya kibanda cha nyama, akaniuliza mimi ni nani, nikamwambia ni mimi Ticha wa tangi, uliyenikanyagia sukuma wiki yangu. Akatoa noti akaikunja vizuri. "Ya soda, mama."

"Mimi sinywi soda. Kwani mnaamini viongozi wangapi?"

Akaangalia huku na huku, halafu, ajabu, akanijibu kama mtu. "Mwalimu, sisi tunauza mifereji. Kaunti inanunua mifereji. Nani atakalia kile kiti, mimi sijui na wewe hujui. Sasa ulitaka nifanye nini?"

Nikamwambia ninachotaka: barua. Yenye kichwa cha kampuni, sahihi na muhuri, iseme tangi ni zawadi ya kampuni kwa shule, si kwa mgombea, na halirudi kwa mtu yeyote. Akakuna shingo. Akasema atanipa, lakini haya ya Kawangware sijayaona. Nisimwambie hata mume wangu. Nikamwambia mume nilishamfukuza, kwa hiyo hapo hana wasiwasi.

Jumatatu nikaenda ofisini kwao, nikapewa barua. Muhuri mwekundu, duara, mzuri ajabu. Nikaifunga kwa nailoni, nikaificha ndani ya mkebe wa unga. Nilijiona mjanja kuliko Nairobi nzima. Kila asubuhi nilimwona jirani anapanda kwenda Olympic na mtungi mtupu, anarudi shingo imekaza, na mimi nikijua kwamba tangi alilokatazwa na la zambarau analolipigia vigelegele yametoka kiwanda kimoja, mkono mmoja. Nilitamani kuvuta ile kofia kwenye tundu nimwambie tucheke pamoja. Sikumwambia. Nilikuwa nimeahidi, na ahadi yangu ilikuwa na muhuri.

Kura ikapigwa. Wa kijani akashindwa.

Siku ya tatu, watoto wakiwa kwenye uji, vijana wa base wakaja na mkokoteni na kamba. Wale wale waliokuwa walinzi. "Mathe, samahani, tumetumwa tu." Nikawaambia wasubiri nina barua, wakasema barua ni za shule. Wakaanza kufungua bomba la chini, maji yakimwagika bure mbele ya watoto. Nikaingia ndani mbio, sikukumbuka hata mkebe wa unga uko wapi. Nikalia, na mimi si mtu wa kulia.

Nilipotoka na barua, mzima nimejaa unga, nikakuta kazi imesimama. Jirani yangu alikuwa ameketi ndani ya mkokoteni, miguu ameinyoosha, mtungi wake mtupu mapajani. "Mtoto wangu anakunywa hapo," anawaambia. "Mkilibeba, mnibebe na mimi." Walijaribu kuuinamisha mkokoteni, akawaita kwa majina ya mama zao, mmoja mmoja, mpaka wakaona haya.

Nikasoma barua kwa sauti. Nikampigia bwana wa kampuni nikaweka simu kwenye spika, na mheshimiwa mpya, yule wa zambarau, alikuwa ameshatangazwa, kwa hiyo bwana hakutaka kabisa kusikika akigombania kitu cha kijani. "Hilo ni la shule! La shule tangu mwanzo!" akapiga kelele. Vijana wakakunja kamba. Mmoja akaomba uji, nikampa.

Nikamgeukia jirani. Nikamwambia asante, na kuanzia sasa achote anavyotaka. Akateremka, akakung'uta leso yake. "Sikukaa kwa ajili yako, Mwalimu." Akabeba mtungi wake, akaelekea Olympic.

Nilidhani mambo yameisha. Bwana afya alikuja, akaona tangi, akaandika haraka haraka, shule ikabaki. Lakini baada ya miezi mitatu bwana wa kampuni akanipigia. Mheshimiwa mpya anazindua mradi wa mifereji mtaani, kampuni imepewa kazi hiyo, na wangependa kuanzia kwa tangi langu. Lingepakwa rangi upya kwanza. Nikamwambia limeshazinduliwa. Akasema litazinduliwa tena.

Basi likapakwa zambarau, uso mpya juu ya uso wa zamani, ingawa ukitazama vizuri meno ya yule wa kwanza bado yalionekana. Niliwafundisha watoto wimbo mpya siku tatu. Kwa kweli sauti ilikuwa ile ile, nilibadilisha jina tu. Siku ikafika, mtaa mzima ukajaa, gari kubwa jeusi likaegeshwa pale kwenye kona. Mheshimiwa akashuka, bwana wa kampuni akashuka. Siku hiyo hakuwa na kofia yoyote, na nikaona kumbe ana upara.

Watoto wakasimama mstari, wakafungua midomo, wakaimba jina la aliyeshindwa. Mara tisa, kwa nguvu zote, kama nilivyowafundisha zamani. Nilitamani ardhi initafune. Watu wakamgeukia mheshimiwa. Nikawaza, sasa tangi limeenda, na barua yangu na muhuri wangu na kila kitu.

Mheshimiwa akacheka. Alicheka mpaka akapangusa macho. "Waacheni waimbe! Mwenyewe anasikia!" Akanyoosha mkono kwenye gari jeusi. Kioo cha nyuma kikashuka, na yule wa kijani, yule yule wa meno, akawapungia watoto mkono. Walikuwa wamekuja pamoja. Alikuwa amepewa kiti mahali fulani, kwenye bodi fulani. Watoto walipomwona wakaongeza sauti.

Bwana wa kampuni, furaha imemjaa sasa hana hofu ya mtu, akachukua maikrofoni. Akakohoa mara mbili. "Na huyu Mwalimu wenu ni mama wa kuaminika sana! Alinipata Kawangware na kofia ya zambarau, wiki mbili kabla ya kura, akaficha siri yangu mpaka leo! Mpigieni makofi!" Wakubwa wakacheka wote. Wakanipigia makofi, na watu wengine nao wakafuata kupiga, maana wakubwa wanapiga.

Mimi nilikuwa namtafuta mtu mmoja tu kwenye ule umati. Alikuwa amesimama mlangoni kwake, mtungi chini, mikono ameifunga. Yeye hakupiga.

Magari yalipoondoka nikauchukua mtungi wake, nikaujaza kwenye tangi mpaka ukafurika, nikaubeba mwenyewe na miguu yangu mibaya mpaka mlangoni kwake. Nikautua. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, hata mzaha mmoja wa upara.

"Kwa hiyo ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Wakati wote ule napanda Olympic."

"Wakati wote."

Akautazama mtungi. Maji yalikuwa ya kupika, na mtoto alikuwa ndani anataka kula. Akauinua, akaingia nao, akafunga mlango taratibu. Tangi bado liko, na watoto wananawa mikono kila siku. Kofia ya zambarau pia bado iko kwenye tundu. Jioni nikisikia anapika huko upande wa pili, huwa naigusa kidogo kwa kidole, lakini sijawahi kuisukuma.