Ruhusa Aliyoifuata Mhunze

Mimi mdomo wangu hauna mlango, Kolandoto nzima inajua. Lakini hili la Serafina nimelikalia mwaka wa tatu sasa na linanichoma. Pale bombani wanasema yule mkunga alimtupa mtoto akakimbilia Kanada kula maisha. Wanayasema huku nimesimama na ndoo yangu, na wanajua nilikaa naye ukuta kwa ukuta. Nyie! Eti kula maisha! Hebu nisikilizeni.

Mimi ni mfuaji wa hospitali. Mashuka yote ya wodi ya wazazi yanapita mikononi mwangu, kwa hiyo wakunga nawafahamu kuliko mume wangu, Mungu amrehemu, alivyonifahamu mimi. Serafina alikuja hapa akiwa binti, kutoka kwao Ushirombo, na rozari shingoni katikati yetu sisi watu wa kanisa la AIC. Tulimtania mpaka tukachoka. Yeye alicheka tu, akaendelea na kazi. Baadaye wajawazito wakawa wanauliza kwanza, "Leo yupo Serafina?" ndipo wanakubali kuingia wodini, utadhani uchungu unaweza kuambiwa usubiri zamu.

Alikuwa na dada yake, Febronia, aliyechukuliwa na kijana mmoja wa huko Mhunze, Masele. Nasema alichukuliwa kwa sababu ng'ombe wa mahari hawakutoka. Masele aliahidi, wazee wakaahidi, na Febronia akashika mimba wakati ahadi bado zinatembea. Akajifungulia nyumbani, akafa siku ileile. Serafina alikwenda kuzika, akarudi na kichanga kifuani. Walimwachia bila maneno mengi, maana nani pale alikuwa na maziwa? Akamwita Paskalina.

Nimemwona akimlea kwa maziwa ya kopo, akitoka zamu ya usiku macho mekundu, anambeba, anafua, anapika. Kulikuwa na mwalimu, Stanslaus, aliyekuwa anapitapita kwenye njia yetu na shati lililopigwa pasi. Alipokiona kitoto mgongoni akapata njia nyingine ya kwenda shuleni. Serafina hakulia, au kama alilia hakunionyesha. Kuanzia hapo walikuwa wao wawili tu katika ile nyumba, yeye na Paskalina. Mtoto alimwita mama, na alikuwa mama yake. Na Masele? Miaka yote hiyo hajaleta hata kipande cha sabuni.

Basi, mwaka ule wa sembe ya njano, wakati watu wanahamishiwa vijijini na kila kitu ni foleni, kulikuwa na daktari mama mmoja Mkanada. Alikuwa anamaliza muda wake. Jioni moja alikaa kibarazani kwetu akasema, "Serafina, kwetu wanatafuta wauguzi na wakunga. Wenye ufundi kama wako wanapewa ukazi wa kudumu. Si kibali cha miaka miwili halafu urudi. Unakaa, unafanya kazi, mtoto anasoma, ni kwenu."

Serafina akauliza jambo moja tu. "Na mtoto anakwenda nami?"

"Anakwenda nawe."

Aka, mwenzangu, sikulala usiku ule kwa wivu! Mimi mikono yangu imeoza kwa sabuni, nani atanitafuta? Kumbe kuna nchi inayokaa chini kuhesabu, tumepungukiwa na mafundi kadhaa, tumepungukiwa na wakunga, tuwatafute popote walipo. Hapa kwetu mkunga akipungua tunamwambia aliyebaki aunganishe zamu. Lakini nilimfurahia pia. Nasema kweli.

Akaanza kushughulikia. Ubalozini Dar walimhoji, wakamkubali kwa kazi yake bila shida. Kuhusu Paskalina walisema, huyu hukumzaa wewe, tunataka ndugu wenye mamlaka juu yake wakubali mbele ya serikali. Hilo nalo lilikuwa jepesi. Kwetu huku, kama ng'ombe hawakutoka, mtoto ni wa upande wa mama, hakuna mzee atakayebisha. Kaka yao, Kamili, alitoka Ushirombo na lori, akaenda Shinyanga mjini kwa bwana ustawi wa jamii, akasema, "Mtoto ni wetu, aende na mama yake." Ikaandikwa, ikagongwa muhuri. Ilikuwa imekwisha! Mnanielewa? Ilikuwa imekwisha kabisa, kilichobaki ni kushona magauni.

Sasa Serafina, na wema wake ule unaoudhi, akaanza kukosa usingizi. Akanijia nikiwa naanika mashuka.

"Mama Klara, mtoto wa kike hawezi kuvuka bahari bila baba yake kumtemea mate ya baraka. Akifika ukubwani akakosa mtoto, nitamwambia nini?"

"Wewe si Mkatoliki? Nenda kwa padri akamnyunyizie maji."

"Padri atamnyunyizia. Lakini na upande wa baba."

"Upande gani? Serafina, wale wamelala. Waache walale!"

"Nikiondoka kimyakimya itakuwa nimemwiba."

Nilimwambia mara moja, nikamwambia tena, nikapandisha sauti mpaka wagonjwa wakachungulia. Akaenda. Alifungasha khanga mpya ya kumpa bibi yake Paskalina, akapata sukari kwa mbinde, maana sukari mwaka ule ilikuwa kama dawa, akaenda Mhunze kwa mzee Maige, baba yake Masele, kuomba ruhusa.

Mtu asiye wa huku hataelewa alichofanya. Kwetu, ukimfuata mtu nyumbani kwake na zawadi mkononi, ukamwomba ruhusa juu ya mtoto, umekwisha kukiri kwamba mtoto ni wake. Huombi kwa asiyekuwa na kitu. Mzee Maige alipokea sukari kwa mikono miwili. Akawaita majirani wakae wasikie. Akamwambia Serafina, "Binti yangu, rudia ulilosema, masikio yangu yamezeeka." Naye, kwa heshima, akarudia. Wakatazamana. Mzee akasema, "Tumekusikia. Tutatafakari." Serafina akarudi Kolandoto anatabasamu, akaniambia wamempokea vizuri sana, wamemchinjia kuku.

Nilipomuuliza kama majirani walikuwepo, akasema ndiyo. Nikaketi chini palepale.

Hazikupita wiki nyingi, Masele na wazee wake wakaswaga ng'ombe hadi Ushirombo kwa Kamili. Ng'ombe wa kumkomboa mtoto. Mtoto wa kike wa miaka kumi na moja ana ng'ombe wake mbele, siku akiolewa, nani hajui? Na Kamili akawapokea! Kamili yuleyule! Kijana wake Ignas alikuwa anataka kuoa na zizi lilikuwa tupu. Alituma maneno kwa dereva wa lori: mwambieni dada yangu anisamehe, hata yeye mwenyewe alikwenda kuwaomba, mimi ningebishana na nini?

Walikuja kumchukua asubuhi. Sitasema sana. Paskalina alishika mguu wa meza, mama yake akambandua kidole kimoja kimoja, mikono ileile inayopokea watoto wa watu. Akamwambia, "Nenda, mwanangu, nitakuja Jumamosi." Wazee walisimama nje wakisubiri, wala hawakuwa na hasira. Walikuwa na adabu, na ndiyo iliyoniudhi zaidi.

Baada ya hapo nyumba ya pili ikanyamaza. Ukuta wetu ni mwembamba, nilizoea kusikia mtoto akisoma kwa sauti, mama akimkaripia, sufuria, kicheko. Sasa nilisikia kiti. Kinavutwa, kinatulia, basi. Nilikuwa nabisha hodi na bakuli la mchicha, nakuta ugali umesongwa wa watu wawili, haujaguswa. Nilimsema, maana mimi sijui kubembeleza, ila kwa kweli niliogopa.

Ubalozi ukampa jibu: nafasi yako ipo, mtoto hapana, na uingie kabla ya Pasaka au nafasi ipotee. Akaniambia haendi. "Nikae wapi huko, Mama Klara? Na nani? Hapa angalau kuna Jumamosi."

Kila Jumamosi asiyokuwa zamu alipanda lori la pamba kwenda gulioni Mhunze. Paskalina alikuwa anatumwa pale kuuza maziwa ya bibi yake. Wanakaa kwenye magunia, anamsuka, anamsikiliza masomo, lori linageuza, anarudi. Mkanada akamwandikia, mganga mkuu akamshauri, hata mimi nilimwambia, "Utakuja kujuta." Hakuna aliyemweza. Ilikuwa wazi kwamba ataiacha Kanada ipite, akae azeeke kwenye magunia ya pamba.

Jumamosi moja karibu na Pasaka nilikwenda naye. Paskalina alikuwa amekwisha kurefuka, amevaa kitambaa kichwani kama mtu mzima. Alinisalimu vizuri, "Shikamoo, Mama Klara," lakini mama yake alipofungua kichana, akasogea pembeni.

"Usinisuke leo."

"Kwa nini?"

"Mama, usije tena." Alikuwa anatazama ndoo yake ya maziwa. "Ukija wananichapa."

Serafina akabaki na kichana hewani. "Nani? Baba yako?"

"Wote. Wanasema moyo wangu hautulii kwa sababu yako. Ukija leo, kesho nachapwa. Nenda huko Ulaya ulikoitwa. Ukienda wataniacha."

"Niambie kweli, Paskalina."

"Nimekwambia kweli. Sikutaki hapa."

Akabeba ndoo yake kichwani, akaondoka bila kugeuka. Nilitaka kumkimbilia nimnase kibao kwa lile neno la mwisho. Serafina akanishika khanga. Kwenye lori, tulipoona taa za hospitali, akaniambia, "Kumbe nilikuwa nakwenda kumletea viboko."

Akaondoka kwa treni siku chache kabla ya Ijumaa Kuu. Tulimsindikiza stesheni Shinyanga mimi na Klara wangu. Hakulia pale pia. Alining'ang'ania mkono dirishani mpaka treni ikatikisika, akaniambia, "Kama ukimwona, usimwambie nilikonda."

Mvua zilipokwisha, bibi yake Paskalina alilazwa hapa kwetu kwa kifua. Na nani aliyekuja kumuuguza? Paskalina. Nilimkuta nyuma ya wodi akifua nguo za mgonjwa kwenye karai langu bila kuomba. Damu ikanipanda. Nikamwambia, "Umeridhika sasa? Mama yako yuko kwenye barafu peke yake." Akaendelea kukamua. Nikaona huruma inaniingia, nikasema hebu nimwangalie huyu mtoto walivyomfanya.

"Geuka nikuone mgongo."

"Wa nini?"

"Geuka!"

Nikamfunua blauzi. Mgongo laini, hauna hata mstari. Miguu nayo, mikono, hakuna alama.

"Walikuwa wanakuchapa wapi?"

"Hawajanichapa," akasema. "Bibi ananipenda. Baba hata hasemi nami."

"Sasa yale ya gulioni?"

Akatazama maji machafu kwenye karai. "Ningesema nini tena, Mama Klara? Alikuwa haendi. Aliniambia kuna chumba chenye moto ukutani, na shule, na kwamba walimtaka yeye, kwa kazi yake. Hakuna mtu aliyewahi kumtaka. Asingekwenda. Angekuwa anakuja tu pale kwenye magunia mpaka afe."

Alikuwa na miaka kumi na miwili. Nililia, mimi nisiyelia misibani. Nikamwambia leoleo tunamwandikia mama yako ajue. Akanishika mkono wenye povu, akaniomba nisimwambie kamwe. "Ukimwambia atarudi. Na akirudi bado mimi ni wa Mhunze."

Na huyo ndiye mnayesema alitupwa, na yule mwingine ndiye anayekula maisha. Serafina ananiandikia. Anafanya kazi kwenye wodi kubwa, wanamheshimu, wamempa ukazi wake wa kudumu kama walivyoahidi. Anasema jioni akiingia nyumbani anasema hodi, halafu anajikaribisha mwenyewe, ili sauti iwepo. Anasema majirani wa ngazi moja naye hajui majina yao. Salamu zote akishazimaliza, mwishoni anauliza lilelile: bado wanampiga?

Klara ndiye anayeniandikia, mimi kalamu hainitii. Juzi alikaa mezani, akafika pale, akaniinulia macho, maana naye anajua.

"Mama, niandike nini?"

Nilizunguka chumba kile. Nikagonga ukuta wa nyumba ya pili, wanakaa watu wengine siku hizi, wakadhani nawaita.

"Andika," nikasema, "tangu uondoke, hawajamgusa hata siku moja."