Mguu wa Mama Twende

Watu wa mtaa ule walimwita Mama Twende, na jina hilo hakulipata kwa sababu ya gari. Alilipata katika wodi ya wazazi, alikofanya kazi ya ukunga tangu ujana wake hadi nywele zikawa pamba. Mwanamke alipolia kwamba hawezi tena, yeye alimshika goti na kumwambia, "Unaweza. Twende, mama, twende." Hakupata kumwambia mtu apumzike kabla kazi haijaisha, na wala hakupenda kuambiwa yeye.

Alipostaafu alijipatia gari dogo la rangi ya maziwa, lililokwisha kupita mikononi mwa wengi. Kazi yake kubwa ilikuwa kumpeleka dada yake mkubwa kliniki ya macho. Dada huyo alikaa juu ya kilima, upande wa pili wa mji, na macho yake yalikuwa yakififia kidogo kidogo. Hakukubali kubebwa na mtu mwingine. "Wengine wananibeba kama gunia la mkaa," alikuwa akisema. "Mdogo wangu ananibeba kama mtu."

Basi msimu wa baridi ulipoingia, gari likaota ukaidi. Barabara ya tambarare lilikwenda bila neno. Likifika kilimani, siku moja lilipanda kwa furaha, siku nyingine likakataa katikati. Mama Twende alikanyaga mafuta, nalo halikuvuta. Halikukohoa, halikutetemeka, wala taa yoyote haikuwaka. Lilitambaa tu kama konokono aliyeshiba, huku magari ya nyuma yakipiga honi kama arusini. Alipofika kwa dada yake, akashuka, akampandisha, akawasha tena, gari liliondoka kama si lile lililomwaibisha.

Alilipeleka kwa fundi wa gereji iliyo karibu na tangi la maji. Fundi huyo alikuwa mtu mpole na msafi wa mwenendo. Kabla ya kuingia ndani ya gari la mteja, alitoa mazulia yote ya chini, akayakunja na kuyalaza juu ya benchi, yasije yakapata grisi ya viatu vyake. "Gari la mtu ni sebule yake," alisema. Aliuliza kama kuna kitu kilichobadilika, akaambiwa hakuna. Alibadilisha chujio la petroli, akasafisha plagi, akapuliza mabomba, kisha akalipandisha kilimani mwenyewe. Lilipanda kama mbuzi. Akalirudisha likarudia ukaidi. Akalichukua tena, likapanda tena kama mbuzi.

Habari hizo zilimfikia mwana wa kwanza wa Mama Twende, fundi wa makochi, kijana mwema aliyempenda mama yake kwa mapenzi yenye amri nyingi. Alimkaribisha sebuleni kwake, akamkalisha kwenye kochi lililokuwa bado halina mkono mmoja.

"Mama, akiendesha fundi, linakwenda. Ukiendesha wewe, linagoma. Sasa mgonjwa ni nani?"

"Sema unalotaka kusema. Usinizungushe kama kitambaa cha kochi."

"Mguu umechoka, Mama. Hukanyagi mpaka mwisho, ila wewe unadhani umekanyaga. Si aibu. Nipe ufunguo, nitakuwa nawapeleka mimi."

"Wewe? Wewe uliyeahidi kuliwekea mkono kochi hili tangu mvua za mwaka jana?"

"Mama, nasema kweli. Siku moja lori litawasukuma mtaroni, wewe na Mama Mkubwa."

Lori lilikuwa jambo la kweli, na Mama Twende hakuwa mjinga. Akautoa ufunguo kifuani, akautazama, akaurudisha palepale.

"Mguu huu ulisimama wodini usiku kucha wewe ukiwa hujajua hata kukaa. Leo ndio mnaufanyia kikao? Kesho asubuhi tutapanda kilima pamoja. Fundi atakaa mbele, wewe nyuma. Fundi akisema ubovu ni wa mguu, nitakukabidhi ufunguo kwa mikono miwili. Lakini mpaka aseme, ni wangu."

Asubuhi yake, fundi alifungua mlango wa gari, na kwa mazoea yake akainama kushika zulia.

"Acha," alisema Mama Twende.

"Naliweka pembeni tu, Mama. Viatu vyangu vina grisi."

"Acha lilivyo. Kwetu wodini hatukumpamba mgonjwa ndipo tukamwita daktari. Leo utaliona gari kama linavyonitesa mimi."

"Nitakuchafulia sebule."

"Basi vua viatu."

Fundi akavua viatu, akaviacha kizingitini mwa gereji. Kidole gumba kikachungulia kwenye soksi.

"Fundi," mwana akacheka, "hata soksi yako inahitaji gereji."

"Ya fundi ndiyo hutengenezwa mwisho, kaka. Kama mkono wa kochi lako nilioambiwa."

Waliondoka. Mama Twende alipita mjini kwa utaratibu, akifunga breki kwenye makutano, akiondoka, akifunga tena, kisigino chake kikiinuka na kushuka. Gari lilitii. Mwana alianza kupiga mluzi mdogo wa ushindi. Kilima kikaanza. Gia ya tatu, ya pili, na walipokaribia katikati, gari likalegea. Nyuma yao lori la matofali likaanza kunguruma.

"Kanyaga, Mama!" alisema fundi.

"Nimekanyaga mpaka mwisho."

"Mwisho wa nguvu zako, Mama," alisema mwana kwa upole, na upole huo ulimchoma mamaye kuliko tusi.

Mama Twende aliwasha taa za tahadhari, akaliegesha gari mahali palipopanuka. Lori lilipowafikia, dereva wake alitoa kichwa.

"Bibi, hilo ni gari au toroli?"

"Pita, baba, pita! Kilima hakijaisha!"

Fundi akanyoosha mkono kuuendea ufunguo. "Zima, Mama, nifungue boneti."

"Sizimi. Kila siku nikishuka, linapona. Leo sishuki, wala siuondoi mguu huu hapa ulipo. Mnataka kuujua mguu wangu? Haya, uko hapa."

Alivuta breki ya mkono, akaweka gia huru, akaendelea kukanyaga. Injini ikanguruma kwa kiasi, kama mtu anayeongea mbele ya mkwe. Fundi aliinamisha kichwa akasikiliza.

"Ingekosa petroli ingekohoa," alisema polepole. "Plagi zingekuwa mbovu ingetetemeka. Hii ni nzima. Inafanya inavyoagizwa."

"Na inaagizwa nini?"

Fundi alisita. "Inaagizwa nusu, Mama."

Mwana aliangalia nje, kwa kuwa hakutaka kuuona uso wa mama yake. Mama Twende alihisi ufunguo, uliokuwa mbele yake ukining'inia, kana kwamba umekwisha kuhama. Lakini aliwahi kuambiwa na madaktari, zaidi ya mara moja, kwamba mtoto amekufa tumboni, naye akakataa mpaka asikilize mwenyewe. Na wapo waliokuwa wakitembea mjini kwa sababu ya kukataa kwake.

"Basi inama uushike. Hii ndiyo nguvu yangu yote. Usinionee haya, mimi nimeshika miguu ya watu wengi kuliko spana ulizoshika wewe."

Fundi akainama, akaweka kiganja juu ya kiatu cha bibi, akasukuma chini kwa nguvu zake. Kiatu hakikushuka hata kidogo. Akasukuma tena. Akapeleka vidole nyuma ya pedali, kisha akaanza kucheka huko huko chini.

"Mguu huu haujachoka. Umegonga ukuta!"

Akavuta. Zulia nene, lililojikusanya chini ya pedali kama blanketi miguuni mwa mlalaji, likatoka. Hapo mguu wa Mama Twende ukazama, na injini ikapiga ukelele uliowarusha kunguru kwenye waya za umeme.

"Kumbe ulikuwa ukilisukuma mbele kila unapofunga breki," alisema fundi, "na ukishuka, visigino vyako vinalirudisha nyuma. Na mimi kila mara nililitoa kwanza!"

"Uliutoa ugonjwa ukaulaza kwenye benchi, kisha ukaniletea habari njema kwamba mgonjwa ni mzima."

"Lakini nilikuuliza, Mama, nini kimebadilika."

"Sasa zawadi ya mwanangu niiite ubovu?"

Mwana alikuwa amekwisha kulitambua. Lilikuwa na maua yale yale ya zulia la sebule yake. Baridi ilipoanza, alilikata kwa mkono wake, akalishona ukingo kwa uzi wa makochi, ili mama yake asikanyage bati baridi.

"Mama, mimi nilitaka..."

"Najua ulichotaka. Ulitaka miguu yangu ipate joto, nayo imepata, Mungu akubariki. Lakini, mwanangu, usimfunge mtu mguu kisha ukaja kumdai ufunguo kwa kuwa hakimbii."

Mwana alipokea zulia, akalikumbatia. "Basi angalau niendeshe mimi sasa. Umeshtuka."

"Aliyeshtuka ni wewe. Dada yangu ananingoja juu. Atakayeona shaka na mguu wangu ashuke atembee."

Fundi alitazama soksi zake, akatazama kokoto za pembeni mwa barabara, akafunga mkanda haraka.

Gari likaondoka. Lilipanda kwa gia ya pili, likaomba ya tatu, likapewa. Pale juu ambapo barabara inagawanyika ili magari mazito yajitenge, wakalikuta lori la matofali likihema. Mama Twende alishusha kioo.

"Baba!" alimwita dereva. "Toroli limetangulia, fuata polepole!"

Akakanyaga mpaka mwisho.