Kalamu Iliyonyonya Wasifu wa Baba

Jamani, kuna aibu za kuficha na kuna aibu za kusimulia mwenyewe kabla wengine hawajakusimulia, na hii yangu ni ya aina ya pili, maana ilinikuta kwenye msiba wa baba yangu mzazi, mbele ya padre na kwaya na Marangu nzima, pamoja na wakwe zangu waliopanda kutoka Moshi mjini kwa basi la kukodi, na najua wengi wenu mmeshaipata ile habari ya vijiweni kwamba watoto wa Mzee walizima mashine makusudi. Hatukuzima. Kaeni niwaambie ilivyokuwa.

Baba, kabla hajamwoa mama yangu, alizaa na dada mmoja wa kule Holili, mpakani, mtoto akaitwa Aloisi, akalelewa na wajomba zake. Sisi wanne wa nyumbani, yaani mimi Anjela, kisha Filbert, Neema na Deo, tulimjua kaka yetu. Krismasi alikuwa anakuja, anakaa kwenye benchi la nje, anakunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, na Mzee, anaondoka giza halijaingia, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama akasema kwa sauti kwamba huyu naye ni mtoto wa nyumba hii. Basi Mzee alipozidiwa akaniita, Mama akiwa amekaa hapo hapo kando ya kitanda, akasema, "Anjela, wewe ndiye mwalimu, wasifu wangu utausoma wewe. Aloisi umtaje. Umtaje wa kwanza." Nikamtazama Mama. Mama akafunga kanga yake upya, akasema, "Mtaje tu. Hata mimi nimechoka kujifanya simjui."

Nyie wa huku milimani mnajua uzito wa jambo hilo. Anayetajwa kwenye wasifu ndiye mtoto wa kihamba, shamba la ukoo, migomba ile na kahawa ile ni kwao, na ndiye anayeitwa kwa jina kutupa udongo kaburini. Asiyetajwa ni mtu aliyekuja kuzika kama majirani wengine. Aloisi ana nywele nyeupe tayari na alikuwa hajawahi kutajwa popote.

Sasa huo wasifu. Kawaida unaandikwa, unachapwa, watu wanagawiwa nakala, yameisha. Lakini nina baba mdogo anaitwa Stefano, mdogo wake Baba na msemaji wa ukoo, ambaye hajawahi kuona karatasi isiyohitaji marekebisho. Kila nikidhani nimemaliza, anasema, "Hapo mama umesahau kwamba alisimamia mfereji wa maji miaka mingi," shangazi naye anadakia, "Na ile habari ya kuanguka na pikipiki iondoe, si heshima," baba mdogo anasema pikipiki ibaki, nami nafuta, naandika, nafuta, ila majina ya watoto hakuna aliyeomba kuyasikia. Nikaamua (uamuzi wenyewe mdogo hivi, mtu huwezi kuuogopa) kwamba sichapi kitu, nitasomea kwenye kishikwambi changu, ili hata wakibadilisha asubuhi ya mazishi nirekebishe palepale kwa kalamu yake. Na niseme ukweli, nilikuwa na maringo nacho kile kishikwambi, kuandika juu ya kioo wazee wakikodoa macho kulinipendeza hata katikati ya majonzi, Mungu anisamehe.

Kalamu yenyewe haikuwa ile iliyokuja nacho, ile ilishapotea, hii nilinunua ya rahisi. Inaganda ubavuni kwa sumaku na inapata chaji kutoka kwenye kishikwambi chenyewe. Neema alikwishaniambia, "Dada, hiyo kalamu usiwe unaiacha imeganda hapo, inanyonya chaji hata ikiwa imeshiba." Nikamjibu kama dada mkubwa anavyojibu, "Neema, mimi ndiye ninayefundisha kompyuta." Na kweli ndilo somo langu, hapo ndipo mcheke vizuri.

Jioni ya kuamkia mazishi chaji ilijaa kabisa. Nikachomoa waya, maana soketi zilikuwa zinagombewa na wageni wenye simu, nikagandisha kalamu ubavuni isije ikapotea kwenye msongamano wa watu, nikafunga kila kitu ndani ya mkoba, nikalala nikiwa na amani kwamba hilo moja angalau liko tayari. Asubuhi hakuna aliyebadilisha neno (siku pekee ambayo baba mdogo aliridhika), kwa hiyo sikufungua.

Nilifungua baada ya misa, uani kwetu, nikiwa nimeshapewa kipaza sauti. Pale juu kwenye pembe nikaona kibetri chekundu. Nikajiambia ni kurasa mbili tu, chaji itatosha. Jua lilikuwa linapiga kioo, sioni vizuri, nikaongeza mwanga mpaka mwisho. Nikasoma. Nilisoma vizuri, jamani, sauti haikutetemeka, nikapita utoto wake, nikapita shule, mfereji, kahawa, hata pikipiki ilibaki na watu wakacheka wakifuta machozi, nikafika mahali pa kunihusu mimi na ahadi yangu: "Marehemu ameacha mjane na watoto watano, ambao ni..."

Kikazima. Kioo kikawa cheusi na ndani yake nikajiona mimi, mtandio umekwenda upande.

Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Kipaza sauti kikachukua pumzi yangu na "Mungu wangu" niliyodhani nimeisema moyoni. Mtu mmoja huko nyuma akasema, "Mwalimu, kibonyeze kwa muda mrefu," mwingine akacheka kidogo, akanyamazishwa. Padre aliinua macho. Mama mkwe wangu, ambaye tangu anipose kwa ajili ya mwanawe ananisifu kwa watu kwamba ana mkwe msomi, akaanza kuangalia viatu vyake. Nami badala ya kushusha pumzi nikasema moyoni, Anjela, majina ya watoto wa baba yako utayasomaje kwenye mashine, yaseme tu. Nikayasema. "Anjela, Filbert, Neema na Deo."

Ulimi ulikwenda ulikozoea. Hivyo ndivyo tulivyotajwa tangu utotoni, kwenye sala za jioni, kwenye orodha za ubatizo na kipaimara, Mama akituita tukale. Sikukusudia, na hilo ndilo baya lake, kwamba ndani yangu mimi hesabu ya watoto wa Baba ilikuwa wanne siku zote, kaka Aloisi alikuwa ameandikwa kwenye kioo tu. Watu walikuwa wamesikia watano, wakasikia majina manne. Nilisikia minong'ono ikitembea, "Mbona wanne? Wa tano nani?" na mwingine akajibu, "Huyo si ndiye waliyemzimia."

Nikamtafuta kwa macho. Alikuwa amesimama upande wa miti ya kahawa, suti nyeusi, kofia mkononi. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa kitu alichokuwa anakijua, akaangalia chini, akaanza kuipangusa kofia isiyo na vumbi.

Nikanyanyua kipaza sauti kumbe baba mdogo ameshakishika upande wa pili. "Tunamshukuru mwalimu, mashine ni mashine," akasema, kwaya ikaanza. Nikamvuta koti, "Baba mdogo, kuna jina nimeruka." Akaninong'oneza kwa ukali, "Kaa chini mama, umeshatutia aibu ya kutosha," yeye, kwa kelele za kwaya, akidhani nahangaikia betri.

Tukaenda kaburini, pale chini ya migomba. Baba mdogo akaita mjane, kisha akaita watoto "kama walivyotajwa," jina la kwanza likawa langu. Nikachota udongo. Ulikuwa mkononi, mkono uko juu ya kaburi, na hapo ndipo nikashindwa, nikapiga kelele bila kipaza sauti, "Na kaka Aloisi! Kaka Aloisi ndiye wa kwanza, Baba alisema mwenyewe!" Nimefundisha watoto sitini kwenye darasa moja, sauti yangu inafika. Kwaya ikakatika katikati ya wimbo. Padre akafunga kitabu akiacha kidole ndani. Mama mkwe akaweka mkono mdomoni, na watu wote, wote kabisa, wakageuka kutazama upande wa kahawa, na pale hapakuwa na mtu.

Mama mmoja jirani akasema taratibu, "Ameshashuka barabarani. Amepanda bodaboda." Nilibaki na udongo wangu mkononi mpaka Filbert aliponigusa kiwiko. Nyuma yangu mtu akasema, "Sasa anamwita akishamfukuza," na mwenzake akasema neno moja tu, "Kihamba," kana kwamba limeeleza yote. Nililia, na watu wakadhani namlilia Baba.

Neema ndiye aliyekuja kutoa kishikwambi kwenye mkoba wangu. Kalamu ilikuwa imeganda palepale ubavuni. Akaibandua, akanitazama, akaniwekea kiganjani.

Siku iliyofuata Mama, ambaye kwa desturi hakutakiwa kutoka nje ya boma, alikwenda mwenyewe mpakani mwa kihamba, akakata isale, lile jani ambalo kwetu ukipelekewa na aliyekukosea huwezi kukataa kusamehe, akalifunga fundo, akanikabidhi. "Nenda peke yako. Usipeleke maneno mengi, wewe unapenda maneno."

Nikashuka Holili. Nilimkuta dukani kwake, anauza vipuri vya malori. Nikapiga magoti hapohapo kati ya matairi, wateja wanatazama (nilishazoea kutazamwa), nikasema, "Shikamoo kaka," nikamnyooshea jani kwa mikono miwili.

"Marahaba." Alilipokea. Akalitazama lile fundo. "Nani amelifunga?"

"Mama."

Akalilaza juu ya kaunta. "Isale nimelipokea, dada. Limekwisha. Inuka, utachafua nguo."

Nikainuka, nikaanza habari ya kalamu, sumaku, chaji, nikajisikia mwenyewe nilivyo mjinga, kwamba kaka yangu amekosa kutajwa kwenye mazishi ya baba yake na mimi namweleza habari za betri. Akanikatiza. "Uliniandika wa ngapi?"

"Wa kwanza. Baba ndiye alisema, Mama akiwepo."

"Alisema?" Hakuwa anajua. Alikuja msibani bila kujua, akaondoka anaamini Mzee amekataa mpaka mwisho. Akageuza uso upande wa rafu, akapanga vichujio vilivyokuwa vimeshapangwa. Halafu akauliza bila kugeuka, "Udongo ulikuwaje? Mkavu, au wa tope?"

"Ulikuwa na unyevu," nikasema. "Usiku ulinyesha."

Akaitikia kwa kichwa, akawa anaiangalia mikono yake. Sikuwa na la kumpa. Isale linaweza kuondoa kosa, lakini kaburi halifukuliwi ili mtu mmoja apate kutupa udongo wake, na mpaka leo hajapanda kwetu, ingawa simu anapokea na Mama anamsalimia.

Kalamu ile nimeitupa, na wasifu wa mtu sisomei tena kwenye kitu kinachoweza kuzima, nachapa hata baba mdogo akinuna. Na mtu akiniuliza siku hizi Mzee aliacha watoto wangapi, namjibu watano, naanza na Aloisi, nataja mmoja mmoja mpaka Deo, hata kama aliyeuliza hakutaka majina.