Siku Tano za Kumfungia Mama

Mapaa mengi ya makuti yanayofanya hoteli za Diani zijidai yamepitia mikononi mwa Nassir. Hapimi kwa futi, hupima kwa jicho, na mvua ikija haipati pa kupenya. Ukimkuta juu ya paa saa nane mchana wa Ramadhani, midomo imemkauka, ungesema Muislamu ndiye huyu. Hivyo ndivyo mamake, Bi Mbodze wa Munje, alivyokuwa akiwaambia majirani, na Nassir akisikia huinamisha uso. Watu walidhani ni unyenyekevu. Haukuwa unyenyekevu, ilikuwa aibu.

Kila asubuhi kabla ya kazi Nassir hupitia kliniki moja Ukunda, si mbali na Kona ya Musa, akasimama foleni na wenziwe waliokuwa mateja wa dawa za kulevya. Yeye alivuta unga miaka sita. Mkewe alirudi kwao, na sawa alifanya. Vitu vya kuuza vilipomwishia, alifungua kasha la mamake akatoa sanda, ile nguo nyeupe ambayo akina mama wa kwetu hujiwekea mapema ili siku yao ikifika wasisumbue watu. Akaiuza, akavuta siku moja. Mamake alinunua nyingine wala hakumuuliza.

Kilichomtoa huko ni methadoni. Ni kikombe kidogo cha dawa, lakini hunywewa kila siku, asubuhi kumekucha, mbele ya nesi. Ukishameza wapewa maji unywe, kisha useme neno, ajue hukuificha mdomoni ukaiuze nje. Nyumbani Nassir alisema ameacha mwenyewe, kwa dua na kukaza roho. Uongo huo ulipigiwa vigelegele, na uongo uliopigiwa vigelegele ni kazi kuurudisha ulikotoka. Basi Ramadhani tatu alijizuia na kila kitu isipokuwa kikombe kile. Magharibi ikiingia huketi mkekani Munje, na mamake humpa yeye tende ya kwanza, kabla ya Alamin, mdogo wake, mwalimu wa madrasa. Kama saumu yake ilikuwa saumu au njaa tu, hakujua. Wa kumuuliza alikuwa ameketi naye bega kwa bega, lakini angeuliza vipi asijifichue?

Mwaka huu Bi Mbodze alifariki. Siku ya tatu ya matanga, Subira, dada yao mkubwa, alisema Mama ameacha deni la saumu, siku kumi na tano alizokula Ramadhani iliyopita alipougua. Alipata nafuu baadaye lakini hakuwahi kuzilipa. Kwao, mzazi akifa na siku, wanawe humfungia. Alamin akaeleza hukumu yake, na Subira, asiyependa maneno marefu, akagawa palepale, tano tano. Akasema kwa Nassir hana wasiwasi, maana yeye amezoea kufunga juani. Nassir akajibu inshallah.

Hapo ndipo alipokosa usingizi. Saumu zake mwenyewe, za nusunusu, zilikuwa baina yake na Mola wake. Hizi zilikuwa za mamake, ambaye Nassir alikwisha kumwibia sanda. Akimlipia kwa saumu yenye kikombe ndani, atakuwa amemwibia mara ya pili, tena akiwa kaburini. Njia ilikuwepo. Kliniki humpa mgonjwa aliyetulia dawa ya kwenda nayo nyumbani, naye angeinywa baada ya kufuturu. Ila sharti mtu wa nyumbani aje, aelezwe, atie sahihi. Nassir ana jamaa wa kujaza ua mzima, na hakuona hata mmoja wa kumleta pale.

Basi akafanya ujinga akauita ibada. Alitia nia, akafunga, na kliniki hakwenda. Siku ya kwanza alijikaza. Siku ya pili miayo haikumwisha, makamasi yalimtoka na mifupa ikamuuma mmoja mmoja, akashuka kwenye paa kabla hajaanguka. Mateja wenyewe huiita arosto, mwili kudai dawa, na Mungu amwepushe asiyeijua.

Asubuhi ya siku ya tatu Subira alipita kwake na kikapu cha viazi vitamu, nduguye apate cha kufuturia. Alimkuta amejikunja sakafuni, jasho lamtoka na baridi yamtetemesha. Dalili zile alizijua tangu enzi za unga.

"Umerudia," akasema. Hakupaza sauti.

"Sikurudia, dada. Nafunga."

Subira akamuuliza ni saumu gani imfanyayo mtu hivi. Nassir alifikiria uongo mwingine, malaria labda, lakini mwili ulikuwa umeshachoka kumfichia siri.

"Sikuacha mwenyewe," akasema. "Nanywa dawa ya kliniki, kila siku, asubuhi kumekucha. Hata Ramadhani nalikuwa nikinywa. Hizi za Mama nalitaka ziwe safi."

Subira akatoka nje. Alisimamisha bodaboda, akampakia, akapanda nyuma yake kumzuia asianguke. Kliniki nesi aligomba, akasema dawa hii haikatizwi hivihivi, mtu atarudi kwenye unga au atakufa. Akampima, akamtilia dozi, akamweleza Subira habari ya dawa ya nyumbani na sahihi inayotakiwa. Nassir akanywa mbele ya dada yake, akanywa na maji, na siku ya tatu ya Mama ikavunjika hapo.

Waliketi kwenye benchi la nje.

"Ramadhani ile," Subira akasema, "daktari alimkataza Mama kufunga tangu siku ya kwanza. Nalimsihi. Alamin alimsomea ruhusa kitabuni. Akakataa. Akasema, 'Nassir wangu yuko juu ya paa, juani, na amefunga. Mimi niliyelala kitandani nile kwa uso gani?' Alifunga nusu ya mwezi, mpaka alipoanguka msalani. Ndipo akala zile kumi na tano."

Wenziwe wa foleni walikuwa wakipita, mmoja akamsalimu Nassir kwa jina. Subira akainuka, akarudi ndani kumuuliza nesi ni wapi anapotia sahihi. Nassir akabaki kwenye benchi, uso ameuficha mikononi, akizihesabu zile siku kumi na tano nyingine ambazo mamake mgonjwa alishinda na njaa ili asipitwe na mwanawe, na mwanawe kila siku alikuwa ameshakunywa.